Dumu, ndoo, pipa au simtanki? Akiba ya maji ya kunywa kwa nyumba isiyo na hela ya kuchezea

Mgao wa maji ukitangazwa Dar es Salaam, swali linalosikika kwanza ni, "Simtanki ya lita elfu moja siku hizi bei gani?" Muulizaji akishatajiwa bei ya tangi, kisha fundi, kisha jukwaa la kulikalisha, kisha mabomba, anashusha pumzi na kuachana na habari yote. Wiki inayofuata yuko barabarani na ndoo anamsubiri mtu wa guta, ananunua maji ambayo hajui yametekwa wapi, na hayo hayo ndiyo yanayoingia kwenye jagi la mezani.

Wengi wanakwama hapo kwa sababu wameyaweka maji ya kunywa fungu moja na ya kufulia, kuogea na kumwaga chooni. Maji ya matumizi yote ni mengi kweli. Mashirika ya misaada yanapohudumia watu waliokumbwa na maafa hupiga hesabu ya lita 15 kwa mtu kwa siku, na hicho ni kiwango cha chini. Lakini ya kunywa, kupigia mswaki na kupikia kidogo hayazidi lita 4 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita ishirini. Hayo yanakaa nyuma ya mlango.

Siku tatu ni pa kuanzia tu. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukishuka kama ulivyoshuka Oktoba 2022 na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikalazimika kutangaza mgao, au umeme wa kuendesha pampu ukikatika, au bomba kuu likipasuka, wa mwisho kwenye laini anaweza kukaa siku nyingi kabla koki yake haijakohoa. Mimi naona wiki moja ndiyo akiba ya maana: lita 140 kwa watu watano. Huko ndiko tunapiga hesabu hapa. Mwenye mama anayenyonyesha au mgonjwa ndani aongeze.

Dumu jipya au dumu la mafuta ya kula

Ninaanza na dumu kwa sababu kwa nyumba nyingi za kupanga ndilo jibu, na sehemu zote zinazofuata zinapimwa kwake.

Dumu lina mambo mawili ambayo pipa na ndoo havina. Mdomo wake ni mwembamba, kwa hiyo hakuna anayeweza kuingiza mkono, kikombe wala kata. Maji mengi yaliyotekwa safi huchafukia nyumbani, kwenye chombo, kwa mikono ya watu wa nyumba yenyewe. Hilo ndilo lililowafanya wataalamu wa afya wa Marekani na wa nchi za Amerika ya Kusini, baada ya kipindupindu kulivamia bara hilo mwaka 1991, wahimize vyombo vyenye mdomo mwembamba na koki pamoja na dawa ya klorini. Dawa bila chombo cha namna hiyo ilikuwa kazi nusu. Jambo la pili, dumu linabebeka. Lita ishirini ni kilo ishirini. Kijana anainua bila kelele. Mwenye nyumba akikupa notisi, unahama na akiba yako.

Sasa, jipya au la mafuta? Dumu la njano lililotoka na mafuta ya kula ni rahisi zaidi, na plastiki yake huwa ile ile inayofaa kwa chakula: ukiligeuza chini utaona pembetatu yenye namba 2 ndani. Shida yake ni mafuta yenyewe. Yanashika kwenye mkunjo wa mpini, mahali ambapo brashi haifiki, na baada ya wiki mbili kwenye joto la Dar maji yanatoa harufu ya kuvunda inayomfanya mtoto asusie kunywa. Ukitaka kulitumia, lioshe kwa maji ya moto yasiyochemka na sabuni ya vyombo, tia mchanga mkavu au mchele mbichi utikise kwa nguvu, suuza, kisha rudia. Likiendelea kunuka baada ya kukaa juani siku nzima limefunguliwa, lipeleke kwenye maji ya kufulia. Dumu la juisi au maziwa usilihangaikie kabisa. Mabaki yake ni chakula cha vijidudu na hayatoki yote.

Dumu lililobeba mafuta ya taa, petroli, dawa ya mimea au kemikali yoyote ya kiwandani halina mjadala. Plastiki hunyonya vitu hivyo na kuvirudisha kwenye maji pole pole, hata likinukia sabuni. Ndiyo maana dumu la mtumba nalinunua kwa mtu ninayejua limetokea wapi, mama lishe wa jirani kwa mfano, ambaye mafuta yake nimeyaona yakikaangia chipsi. Kwa muuzaji asiyeweza kueleza, afadhali kuongeza hela nichukue jipya.

Tuseme dumu jipya ni shilingi 5,000. Saba ni 35,000, na hakuna anayekulazimisha kununua yote siku moja. Moja kila mwisho wa mwezi, na kabla ya msimu wa ukame unaofuata umeshakamilisha. Maji ya bomba ya kuyajaza ni hela ndogo mno kuihesabu.

Kasoro ya dumu ni umiminaji. Mzee au mtoto akitaka kikombe kimoja, anamwaga nusu lita chini. Kwa nyumba yenye wazee, madumu ya lita kumi yanastahili bei yake kubwa kidogo kwa kila lita.

Ndoo yenye koki

Ndoo ya kawaida yenye mfuniko wa kubandika naiondoa kwenye orodha ya akiba. Mfuniko unafunguliwa mara kumi kwa siku, kikombe kinatumbukizwa, kikombe kinawekwa juu ya meza, kinatumbukizwa tena. Kwa maji ya kuoga ni sawa.

Ndoo yenye koki chini ni habari nyingine, ila kazi yake ni tofauti na ya dumu. Hiyo iwe ya maji ya leo. Unamimina humo kutoka kwenye dumu la akiba, unatia dawa kama inahitajika, watu wanakinga kwa koki. Moja inatosha kwa nyumba nzima. Kagua mpira wa koki kabla hujalipa. Weka maji pale pale dukani uone kama inatiririsha.

Chupa: za dukani na zile tupu

Maji ya chupa yaliyofungwa kiwandani ndiyo akiba isiyo na kazi. Huoshi, hutii dawa, tarehe ya mwisho imeandikwa. Lakini angalia hesabu: tuseme chupa ya lita moja na nusu ni shilingi 1,000. Lita 140 zinakaribia 95,000. Ukinunua kwa katoni au kwa chupa kubwa za kurudishiwa dukani inashuka, ila bado uko mbali na bei ya madumu, na tarehe ikipita unaanza upya. Ningenunua katoni moja au mbili kwa ajili ya mtoto mchanga na mgonjwa, basi.

Chupa tupu ndizo zinazodharauliwa bure. Baada ya harusi moja ukumbini zinabaki mamia. Chupa ya maji au soda ya lita moja na nusu, yenye namba 1 chini yake, ni chombo kizuri cha akiba na haikugharimu senti. Arobaini zinabeba lita 60, akiba ya siku tatu ya watu watano, na zinalala mvunguni mwa kitanda ambako dumu la lita ishirini halipiti. Zina faida nyingine ambayo pipa haliwezi kuipata: moja ikiharibika umepoteza lita moja na nusu tu. Ukifungua, unamaliza, unafungua nyingine. Hakuna maji yaliyo wazi.

Gharama yake ni jasho. Kuosha chupa arobaini zenye shingo nyembamba ni kazi ya Jumamosi nzima na watoto watakukimbia. Za soda zinahitaji kusuuzwa zaidi. Zilizokwaruzika ndani au kubonyea mpaka kufanya mikunjo, ziache.

Pipa

Pipa la plastiki la lita mia mbili na kitu linavutia kwa sababu moja linatosha. Lita 140 zinaingia na nafasi inabaki. Kwa lita, mara nyingi linashinda dumu kwa bei.

Mimi silipendi kwa maji ya kunywa. Mapipa mengi ya bluu yaliyopo sokoni yameshafanya kazi viwandani kabla ya kufika kwako, na yaliyobeba juisi ya kukolezwa yanafanana kabisa na yaliyobeba kemikali. Rangi haisemi kitu. Likijaa lina kilo zaidi ya mia mbili, kwa hiyo pale ulipolijazia ndipo litakapokaa. Chini yake hapafagiliwi tena. Na mdomo wake mpana unaita kata. Utaweka sheria kwamba hakuna mtu kuchota kwa kikombe, na sheria itadumu mpaka mgeni wa kwanza.

Halafu kuna mbu. Dar imepigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza anauma mchana na anataga kwenye maji safi yaliyotulia karibu na watu: mapipa, ndoo, vifuu, matairi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja tu kwenye joto letu. Pipa lisilo na mfuniko unaobana linakuwa shamba la mbu mlangoni kwako.

Anayetaka pipa hata hivyo, alitafute jipya au lile ambalo anajua lilibeba chakula, alitoboe na kulitia koki karibu na chini, alipandishe juu ya matofali ili ndoo ipite, na mfuniko uwe wa kukaza kwa pete. Akishafanya hayo yote, aangalie tena jumla aliyotumia. Pipa la chuma lenye kutu nisilizungumzie.

Kwa maji ya matumizi pipa halina mpinzani. Nyumba yangu ya ndoto ya kupanga ina madumu saba chumbani na pipa moja bafuni.

Simtanki

Simtanki ni jibu zuri kwa swali jingine. Mwenye nyumba yake, eneo ambalo maji yanatoka usiku wa manane tu, anayetaka choo kifanye kazi na nguo zifuliwe wakati wa mgao, aweke akiba ya hela anunue. Tangi linajijaza watu wamelala. Rangi nyeusi inazuia mwanga, kwa hiyo ukijani haushiki ndani.

Kwa kunywa, lina mambo yake. Lita elfu moja ni tani nzima; jukwaa la mbao za kubahatisha linaweza kuua mtu. Linatakiwa kuoshwa ndani, kazi ambayo nyumba zenye wapangaji sita hakuna anayeona ni yake. Na mahali penye mgao, bomba linapokauka hunyonya uchafu wa nje kupitia nyufa, hivyo maji ya kwanza yanaporudi huja na tope na vingine visivyoonekana. Anayekinga kwa dumu anaona rangi, anayaacha yapite kwanza. Simtanki linayapokea yote.

Mtungi wa bibi

Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri kuliko chombo chochote kisicho na umeme, kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo na kukauka nje. Hiyo hiyo ndiyo sababu haufai akiba: unapungua wenyewe. Uweke kwa maji ya leo, wenye kifuniko na kata yenye mpini mrefu inayotundikwa, isiyolazwa chini.

Anayekumbuka majabia ya visiwa vya Lamu, yale matangi makubwa ya kukusanya mvua, anajua pwani yetu haikuanza leo kuweka akiba. Mvua za masika ni maji ya bure hata kwenye nyumba ya bati ya Mbagala. Yaache ya mwanzo yaoshe vumbi na mavi ya ndege, kinga yanayofuata, chuja, tia dawa.

Kuchemsha, dawa au jua

Chombo kikiwa sawa bado kuna maji yenyewe. Njia tatu zinashindana, na kwa akiba ya lita 140 hazilingani hata kidogo.

Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vya kuharisha. Yakishatokota kwa nguvu dakika moja yameiva. Kukaa nayo dakika ishirini, kama tulivyofundishwa wengi, ni kuchoma mkaa bure. Walioko juu sana milimani, zaidi ya mita 2,000, waache dakika tatu. Lakini jaribu kupiga hesabu ya mkaa au gesi kwa madumu saba. Isitoshe, maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote baadaye. Mkono mchafu ukigusa, yamerudi yalikotoka.

Klorini inabaki ndani ya maji na kuendelea kulinda kwa muda, ndiyo maana kwa akiba naichagua. WaterGuard ya maji au ya vidonge inapatikana maduka ya dawa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa uliyoshika, kwa kuwa vipimo vinatofautiana. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 ni kimoja kwa lita 20, yaani kidonge kimoja dumu moja, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaikumbuka. Subiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yapitishe kwenye kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo utie dawa, kwa sababu uchafu unaimaliza klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Mbegu za mlonge zinatuamisha tope vizuri lakini haziui, na mabaki yake yanafanya maji yaharibike upesi. Kwa akiba ziache.

Dawa ya kung'arishia nguo? Nguvu yake inatofautiana kati ya chapa na chapa na inapungua ikikaa, na nyingine zina manukato. Mimi naitumia kuoshea vyombo: kijiko cha chai kimoja cha ile isiyo na manukato kwenye lita moja ya maji, mimina ndani ya dumu, tikisa mpaka pande zote ziguswe, mwaga, acha likauke.

Jua ni bure. Chupa angavu isiyozidi lita mbili, maji yasiyo na tope, ilazwe juu ya bati saa sita. Siku ya mawingu iache siku mbili mfululizo. Kwa mwenye chupa arobaini na bati la kutosha ni njia halali kabisa. Dumu la njano halipitishi miale ya kutosha.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoondoa chumvi. Maji ya visima vingi vya Dar ni ya chumvi na yatabaki hivyo, ukichemsha unaizidisha. Akiba yako ijazwe kutoka bombani au mvua, siku maji yapo, usisubiri tangazo.

Nani achukue nini

Mpangaji wa chumba kimoja, peke yake au na mwenzake: chupa tupu arobaini mvunguni, boksi la vidonge. Hela inayotoka ni ya vidonge tu, na kwa wawili chupa hizo zinafika wiki na nusu siku.

Familia ya watu watano nyumba ya kupanga: madumu saba, mapya au yanayojulikana yalikotoka, na ndoo moja ya koki. Pipa kwa matumizi kama bafu lina nafasi. Hili ndilo chaguo langu.

Mwenye nyumba yake: simtanki kwa ajili ya nyumba, na madumu yale yale saba ndani. Asiyaache eti kwa sababu ana tangi juu. Anayelea mtoto mchanga au mgonjwa anaongeza katoni ya chupa za kiwandani, hata awe kundi gani.

Zungusha akiba. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya plasta na uibandike kwenye dumu. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha maji uliyojaza mwenyewe kila miezi sita. Kwa vyumba vyetu vya bati vinavyopika mchana kutwa, mimi naona mitatu inatosha. Njia rahisi ni kunywa dumu la zamani kila wiki na kujaza upya siku maji yanapotoka. Likikaa muda mrefu klorini inakuwa imepotea, kwa hiyo tia dawa tena unapomimina kwenye ndoo ya koki.

Mahali pa kuweka pawe na giza, mbali na jiko la mafuta ya taa, dumu la petroli ya bodaboda na dawa ya kupuliza mbu, maana mvuke wake unapenya plastiki hata kizibo kikiwa kimekazwa. Kama chumba ni kimoja na jiko liko humo humo, jiko lihamie upande wa dirisha na madumu yaende upande wa pili.